Kuta za Bewdley haziagizwi kwa picha

Ndugu Mhariri,

Mvua kubwa inapoiacha Jangwani, bondeni Dar es Salaam, chini ya maji, hawakosekani watu wa kutuonyesha picha ya mji fulani wa Uingereza: mto umefura, maji yamesimama nusu ya ukuta wa mabamba ya alumini, na nyuma ya ukuta huo barabara ni kavu, mlango wa duka uko wazi. Halafu hufuata lawama: wenzetu wameweza, sisi tunangoja nini? Bewdley, mji mdogo wa Worcestershire kwenye mto Severn, ni mmoja wa miji hiyo. Sisi tunaoujua hatuna ugomvi na ukuta wake. Ni kazi nzuri. Ugomvi wetu ni na picha. Sehemu ya ukuta inayoonekana ndiyo rahisi kuliko zote, na atakayeinunua hiyo peke yake atakuwa amenunua uzio.

Tuanze na muda, maana huo hauuzwi. Severn ndio mto mrefu kuliko yote katika kisiwa cha Britania, kama kilomita 354 kutoka mlima Plynlimon wa Wales hadi baharini upande wa Bristol. Kufikia Bewdley umeshakusanya maji ya eneo la kilomita za mraba 4,325. Mvua ikipiga milima ya Wales, maji hushuka, hutanda kwanza kwenye mabonde mapana yaliyo juu ya Shrewsbury ambako malisho hugeuka ziwa, kisha huuzunguka mji wa Shrewsbury, hupenya korongo la Ironbridge, ndipo yafike Bewdley. Kilele cha mafuriko kikipita Shrewsbury, watu wa Bewdley bado wana takriban siku nzima mkononi. Vipimo vya kimo cha maji vimepangwa njia yote, na kituo cha Bewdley chenyewe kina kumbukumbu tangu 1921. Malori ya ukuta huondoka bohari kwa hesabu za huko juu. Huenda siku hiyo Bewdley hata mawingu hakuna.

Tangazo kwa wananchi lina ngazi tatu tu: ya kwanza inasema jiandae, ya pili inasema chukua hatua sasa, ya tatu inasema maisha yako hatarini. Ngazi ya kwanza hutolewa mara nyingi na mara nyingi haifuatiwi na kitu. Wanaoishi kando ya mto hawaichukulii kuwa uongo. Huhamisha gari, hupandisha zulia ghorofani, basi.

Mto huo ndio uliouweka mji pale. Kwa karne kadhaa gati la Severnside lilihudumia trow, majahazi yenye kitako bapa na mlingoti wa kulazwa ili yapite chini ya madaraja. Upepo ukikosekana, yalikokotwa kupanda mto na makundi ya wanaume wenye kamba na mikanda kifuani; farasi walikuja kuchukua kazi hiyo baadaye, njia ya ukingoni ilipotengenezwa. Yalibeba kofia za sufu, kamba, vyombo vya bati na shaba, makaa, na ngozi zilizotengenezwa kwa gome la mialoni ya msitu wa Wyre ulio jirani. Mwaka 1772 mfereji wa mashua wa mhandisi James Brindley uliufikia Severn kilomita chache chini ya Bewdley, pale ukachipuka mji mpya wa Stourport, na mizigo ikahamia huko. Kuna hadithi kwamba wakubwa wa Bewdley waliukataa mfereji kwa dharau na kuuita mtaro unaonuka. Ni hadithi tamu, lakini ramani inaupa sababu nyingine: Brindley alifuata bonde la mto Stour, linaloteremka hadi Severn kwa upande wa mashariki, na Bewdley imekaa ukingo wa magharibi, mgongo wake umeegemea vilima.

Kupungua kwa biashara ndiko kulikouhifadhi mji. Nyumba za matofali za karne ya 18 zilizopanga safu kando ya maji, nyingine zikiwa uso mpya tu uliobandikwa mbele ya nyumba kongwe za mbao, hazikubomolewa kupisha viwanda. Leo mji unaishi kwa uso huo: wageni huja kukaa ukingoni, kupanda treni ya mvuke ya Severn Valley, kutazama makumbusho yaliyomo ndani ya lililokuwa soko la nyama. (Pembeni mwa mji kuna hata twiga na simba, kwenye hifadhi ya kupita kwa gari iliyofunguliwa 1973.) Waziri Mkuu Stanley Baldwin alizaliwa hapo 1867; ni serikali yake iliyounda Tume ya Hilton Young mwaka 1927 kuchunguza kama Kenya, Uganda na Tanganyika zifungwe pamoja, kwa hiyo jina la mji huo limeshapita karibu na mambo yetu.

Mafuriko nayo ni ya zamani. Februari 1795 mto ulivunja au kuharibu madaraja mengi ya Severn, likiwemo daraja kongwe la mawe la Bewdley. Mhandisi Thomas Telford alijenga jipya la matao matatu, likakamilika 1798, na magari yanapita juu yake hadi leo. Daraja la chuma la Ironbridge lilisalimika mwaka ule, kwa kuwa tao lake ni moja na halina nguzo ya katikati ya kuyazuia maji. Wahandisi wetu wanalijua jambo hili: nguzo nene za daraja hupandisha maji upande wa juu, na magogo yakishanasa hapo, mji ulio nyuma hulipa. Machi 1947 theluji ya majira marefu ya baridi iliyeyuka pamoja na mvua wakati ardhi ingali imeganda, maji yakakosa pa kuzama. Kisha ikaja 2000, vuli yenye mvua kuliko zote katika kumbukumbu za England na Wales zinazoanzia 1766, na Bewdley ikazama zaidi ya mara moja ndani ya wiki chache.

Baada ya 2000 ndipo swali la ukuta lilipopata fedha. Ukuta wa zege wa kudumu ungekuwa nafuu kuutunza, lakini ungeziba mto ambao wageni huja kuutazama, na wenye maduka wangekaa nyuma ya gereza mwaka mzima kwa ajili ya siku chache za maji. Ikachaguliwa kinga ya kufungwa na kufunguliwa. Kazi ilifanyika kwa awamu na kukamilika 2006.

Ujenzi wake siku ya hatari ni hivi. Kwenye sakafu ya gati kuna mstari wa vifuniko vya chuma ambavyo mgeni huvikanyaga bila kujua. Vinafunguliwa, na chini yake yamo matundu yenye nyuzi za boliti yaliyozamishwa kwenye msingi wa zege. Nguzo husimamishwa juu ya matundu hayo na kukazwa. Kila nguzo ina mfereji pande zake mbili. Mabamba ya alumini hushushwa kutoka juu, moja baada ya jingine, yakiteleza ndani ya mifereji hiyo hadi kimo kinachotakiwa. Bamba la chini kabisa lina raba nene inayojibana kwenye sakafu, na kati ya bamba na bamba kuna raba nyembamba. Mwisho, kibano cha juu hukazwa ili kuyagandamiza yote kwa pamoja. Bila kibano hicho raba hazishiki, na bamba huweza hata kuinuliwa na maji.

Kinachokwamisha kazi huwa ni vitu vidogo. Mchanga ukijaa kwenye tundu, boliti haiingii hadi mwisho, na nguzo iliyokazwa nusu haifai. Raba iliyokunjwa vibaya bohari hubaki na mkunjo, na mkunjo ni mfereji. Gari lililoegeshwa juu ya mstari wa msingi linaweza kuchelewesha safu nzima. Ndiyo maana mtambo kama huu unahitaji kusafishiwa matundu na kupakwa grisi, kuhesabiwa vipande, na kujengwa kwa mazoezi siku ya jua, na watu walewale watakaoitwa usiku wa mvua.

Msomaji apime pia uzito. Maji yenye kina cha mita 1 husukuma kila mita 1 ya urefu wa ukuta kwa takriban nusu tani. Kina kikiwa mita 2, msukumo unafika kama tani 2, mara nne ya ule wa kwanza, na nguvu ya kuupindua ukuta kutoka shinani huwa mara nane. Kwa hiyo aliyejaribu ukuta wake kwa maji ya magotini hajajaribu kitu.

Ndiyo maana yaliyo chini ya ardhi yana uzito kuliko alumini. Kando ya mto kama Severn kuna changarawe na mchanga ulioletwa na mto wenyewe, na changarawe haizuii maji. Ukisimamisha ukuta juu yake tu, mto utapita chini na kutokea nyuma, jikoni kwa watu. Na hautapita mtupu: hubeba chembe laini za mchanga, huacha uwazi, uwazi hukua kuwa njia, kisha sakafu hudidimia na ukuta nao. Dawa yake ni kizuizi kilichozamishwa ardhini chini ya mstari wa ukuta ili maji yazunguke mbali na kupungua nguvu. Hata hivyo hayakatiki kabisa. Yanayovuja hukusanywa nyuma ya ukuta na kurudishwa mtoni kwa pampu.

Pampu hizo zina kazi ya pili ambayo watu huisahau. Mifereji ya mvua ya mji humwaga mtoni. Mto ukipanda juu ya midomo ya mabomba, milango ya kujifunga huyafunga ili mto usirudi ndani, na kuanzia hapo mvua yoyote inayonyesha juu ya mji haina pa kwenda. Mji unaweza kuzama kwa mvua yake wenyewe nyuma ya ukuta usio na kosa. Kwa hiyo pampu lazima ziwe na akiba yake, umeme wa pili, mafuta ya kutosha usiku kucha, na mtu wa kuondoa majani kwenye chujio. Tukiulizwa fedha za kwanza ziende wapi, tutajibu pampu na mifereji kabla ya ukuta.

Sasa tuvuke daraja, maana picha haivuki. Ukingo wa mashariki, upande wa Wribbenhall, kuna nyumba za Beales Corner. Kwa miaka mingi baada ya 2006 wao hawakuwa na msingi wa aina ile. Waliwekewa vizuizi vya muda juu ya barabara. Hivi ni fremu za chuma zilizoegemezwa, zikawekwa mbao mbele, na turubai la plastiki kutandazwa juu ya mbao hadi sakafuni upande wa mto. Uzito wa maji juu ya turubai ndio unaokandamiza kizuizi mahali pake. Ni ujanja mzuri kwa maji ya wastani, lakini hakuna boliti, na chini ya barabara hakuna kitu. Februari 2020, mwezi wa dhoruba Ciara na Dennis, vizuizi vya namna hiyo kule Ironbridge vilisogezwa nyuma na mto, na wakazi wa barabara ya Wharfage wakaamriwa kuondoka. Beales Corner nako kulizama, mji uleule ambao ng'ambo yake watu walikuwa wakipiga picha mbele ya mabamba makavu. Kinga ya kudumu ya upande huo ilianza kujengwa baadaye sana. Mji mmoja, mto mmoja, daraja moja, na kinga mbili zisizolingana: hili lilileta manung'uniko ambayo hayakwisha upesi, na sisi tunaona yalikuwa ya haki.

Ndani ya nyumba nako kuna elimu yake. Mlangoni huwekwa ubao wenye raba unaokazwa kwenye fremu, na matundu ya hewa ya ukutani huzibwa kwa vifuniko maalumu. Kipimo kinachofuatwa ni kimo cha sentimita 60 hivi. Maji ya nje yakizidi hapo kwa nyumba ya kawaida ya matofali, ni heri kuyaacha yaingie, kwa kuwa tofauti ya kina kati ya nje na ndani ndiyo inayobomoa kuta. Sababu hiyohiyo inakataza kukimbilia kukausha chumba cha chini ya ardhi. Kama maji ya nje yako juu kuliko ya ndani, usiwashe pampu. Yakishashuka, toa kidogo, weka alama, ngoja uone kama yanarudi, ndipo uendelee.

Chooni ndiko maji huingilia kwanza katika nyumba zilizozibwa vizuri mbele. Bomba la maji taka hufungwa vali ya mlango mmoja, inayoruhusu kutoka na kukataza kurudi. Kitambaa kimoja kilichotupwa chooni kikinasa kwenye ulimi wa vali, vali haifungi, na mwenye nyumba atalaumu fundi. Asiye na vali huweka kiroba cha mchanga ndani ya bakuli la choo na kuziba matundu ya sinki na bafu. Viroba vya mlangoni visijazwe pomoni: nusu hadi theluthi mbili inatosha, ili kilale bapa na kujibana na mwenzake, vipangwe kwa kupishana kama matofali, na chini yake karatasi ya nailoni.

Tope lisafishwe maji yakiwa bado yanashuka, kwa sababu likikauka huganda kama saruji. Plasta ya jasi hukatwa na kutupwa. Ya chokaa huoshwa na mara nyingi hupona. Matofali hukauka kwa mwendo wa milimita 25 hivi za unene kwa mwezi, hivyo ukuta mnene huchukua miezi mingi, na anayepaka rangi mapema ataibandua. Wenye busara huweka sakafu ya vigae badala ya mbao, soketi za umeme kimo cha kiuno, na waya zikishuka kutoka darini. Bima nayo ilikuwa kilio hadi Aprili 2016 ulipoanzishwa mfuko wa Flood Re, unaowezesha nyumba za kuishi zilizojengwa kabla ya 2009 kupata bima ya bei inayovumilika. Maduka na migahawa haimo. Wale waliomo kwenye picha, milango wazi nyuma ya alumini, ndio hao ambao mfuko hauwagusi.

Turudi kwenye lawama. Mto Msimbazi, unaoifurikia Jangwani, unaanzia vilima vya Pugu na urefu wake ni kama kilomita 35. Mvua ikinyesha juu, maji hufika Jangwani kwa saa, si kwa siku, na huja na mchanga unaoinua sakafu ya mto. Ukuta unaohitaji malori, mafundi na saa nyingi za kukaza boliti utakuwa bado bohari mto ukishavuka barabara. Kabla ya kuuliza bei ya alumini, wahusika waulizwe: tutapata taarifa saa ngapi kabla? Chini ya mstari wa ukuta kuna udongo gani, na kizuizi kitazama mita ngapi? Mvua ya mjini itatokea wapi midomo ya mifereji ikifungwa? Vipande vitatunzwa wapi visiuzwe kwa vyuma chakavu? Na ukingo wa pili utapewa nini?

Kuna jambo moja la huko ambalo mtaa wowote unaweza kulianza msimu huu. Worcester, mji ulio chini ya Bewdley, una lango la maji karibu na kanisa kuu, na ukutani mwake zimechorwa alama za mafuriko ya karne kadhaa, ya 1770 ikiwa juu. Alama za namna hiyo zinamwambia mjenzi aweke mlango wapi na soketi wapi. Namna ya kuziweka: subiri maji yaanze kushuka, tafuta mstari wa tope uliolala sawa ukutani, si michirizi iliyorushwa na magari. Chora kabla mvua nyingine haijauosha. Andika tarehe, na saa kama inajulikana. Kuhamisha kimo hicho hadi shule, msikiti au kanisa la jirani, tumia mpira mwembamba unaopitisha mwanga uliojazwa maji, usiwe na povu hewa ndani, na uchore pale maji yanapotulia ncha zote mbili. Tumia rangi ya mafuta, mstari mmoja kwa kila mafuriko, na usiifute ile ya zamani hata kama ukuta unapakwa upya.

Ni sisi wasomaji wenu,
Bonde la Severn, Worcestershire, Uingereza